Ugomvi wa Vitabu
Mwaka 1987 Allan Bloom, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago na mfasiri wa Plato, alitoa kitabu The Closing of the American Mind. Alilalamika kwamba vijana wa Marekani wamefunzwa kuona kila rai ni sawa na nyingine, hata hawana tena kiu ya kutafuta ukweli katika vitabu vikuu. Mwaka 1988, baada ya wanafunzi kuandamana, Chuo Kikuu cha Stanford kiliamua kuiacha kozi yake ya utamaduni wa Magharibi na kuleta ya tamaduni mbalimbali. William Bennett, waziri wa elimu, akaenda huko kuilaumu hatua hiyo. Wahafidhina walikhofu urithi usipotee. Wapinzani wao wakauliza ni urithi wa nani. Ila wote waliamini kwamba kitabu humlea msomaji wake, na ndiyo maana waligombana kwa uchungu.