Mdundo na Hatua: Ngoma za Mafia na Huduma kwa Wenye Parkinson

Anayetaka kujua jinsi watu wa kisiwa cha Mafia walivyowahudumia wenzao ambao miili yao ilikuwa imeacha kuwatii, hatatosheka na kumbukumbu za zahanati. Kwa muda mrefu mtu aliyeanza kutetemeka, kukakamaa au kushindwa kuinuka kitandani alipelekwa kwa mganga, na mara nyingi tiba aliyoandikiwa ilikuwa ngoma. Wapo wanaoiona historia hiyo kuwa masalio ya ujinga, na wapo wanaoitukuza kupita kiasi. Mimi naona pande zote mbili zimepitwa na jambo la maana. Ngoma haiponyi ugonjwa wa Parkinson, wala hakuna tiba yoyote duniani inayouponya mpaka sasa. Lakini ndani ya desturi ya kisiwa hiki zimo nguzo tatu ambazo wataalamu wa utengamao wamethibitisha kwa vipimo kwamba zinamsaidia mgonjwa huyo kutembea: mdundo, kundi la watu na marudio. Kwa hiyo huduma kwa wazee wa Mafia wenye maradhi haya ina pa kuanzia, hata kabla ya mashine yoyote kushushwa bandarini Kilindoni.

Desturi hiyo ina historia ya watu wengi waliokutana. Mafia ipo mkabala na delta ya mto Rufiji, katika njia ya majahazi ya Kilwa na Unguja. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ulivamiwa na kuharibiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na baada yake Chole ikawa kitovu cha biashara na utawala. Wenye mashamba wakapanda minazi, na watumwa kutoka bara wakaletwa kuihudumia. Kila waliofika walikuja na nyimbo zao, mizimu yao na namna zao za kuuguza. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi huko mara kadhaa katika miongo iliyofuata, alikuta makundi ya uganga ya aina mbalimbali, mengine ya pepo wa nchi kavu na mengine ya majini wa baharini. Mgonjwa hakutibiwa peke yake chumbani. Aliimbiwa na kuchezewa mbele ya jamaa na majirani, na aliyekwisha kutibiwa aliweza kuingia katika kundi na kuhudhuria ngoma za wenzake. Nje ya uganga pia, mwili wa mtu wa mwambao ulizoea kufuata sauti: katika maulidi na dhikri, katika ngoma za harusi, katika kutwanga, na katika kushua chombo, pale kiongozi anapotoa wito na wavutaji wakaitikia, wakavuta wote kwa pigo moja.

Tukirudi kwenye ugonjwa wenyewe, daktari James Parkinson aliuandika London mwaka 1817, akieleza mtetemo wa viungo vilivyotulia na mwendo wa hatua fupi za harakaharaka. Chanzo chake kilijulikana baadaye sana: chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini hufa polepole, na mnamo miaka ya 1960 madaktari wakaanza kutumia levodopa kuziba pengo hilo. Dawa ikaleta nafuu kubwa, lakini haikumaliza tabu ya kutembea. Mtazame mgonjwa anapokaribia kizingiti cha mlango. Mguu uliokuwa ukienda unanata sakafuni kama uliogundishwa, kiwiliwili kinatangulia mbele, magoti yanatikisika, na asiposhikwa ataanguka. Nguvu za misuli anazo. Kilichopungua ni uwezo wa ubongo kujipangia wenyewe ukubwa wa hatua na wakati wa kuitupa. Mwaka 1967 daktari James Purdon Martin alieleza kwamba wagonjwa wa namna hiyo waliweza kutembea vizuri zaidi walipowekewa mistari ya kuvuka sakafuni. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa wiki tatu wakifuata mdundo wa muziki waliongeza kasi yao kwa takriban asilimia 25. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ishara inayotoka nje, iwe ya kuona au ya kusikia, inaupa mwendo njia nyingine ndani ya ubongo, isiyotegemea sana sehemu iliyoharibika.

Ushahidi huu haukuishia Ulaya na Marekani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye Parkinson miongoni mwa watu zaidi ya 160,000. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Mwaka 2010 yakachapishwa matokeo ya mafunzo ya kutembea kwa kufuata ishara, yaliyofanywa wilayani humo na wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa. Hatua zao zilirefuka na mwendo wao ukaongezeka. Kwa Mafia, ambako mgonjwa huvuka bahari kumfuata bingwa wa mishipa ya fahamu, funzo la Hai ni zito: mdundo unaweza kusaidia hata pale dawa haijafika.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili majibu. Ya kwanza ni kwamba faida yenyewe ni ndogo na haidumu. Ni kweli. Utafiti wa mwaka 2007 uliohusisha wagonjwa 153 katika nchi tatu za Ulaya uliona mwendo ukiboreka kwa kiasi cha wastani tu, na sehemu kubwa ya faida ikapungua wiki sita baada ya mafunzo kukoma. Lakini hoja hiyo inaitetea desturi badala ya kuiangusha. Kinachofifia kikiachwa kinahitaji kurudiwa daima, na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia hawezi kuzunguka kila kijiji kila wiki. Jamii yenye shughuli za mdundo katika kalenda yake inaweza kufanya marudio hayo kwa mwaka mzima, naye mtaalamu akabaki kupima, kuelekeza na kulinda wagonjwa wasianguke.

Hoja ya pili ni ya dini: Waislamu wengi hawataki wazee wao wapelekwe kwenye ngoma za pepo, na msimamo wao lazima uheshimiwe. Lakini kinachomsaidia mgonjwa hapa ni pigo linalorudi kwa wakati wake, na pigo hilo linapatikana katika dufu, katika makofi, na hata katika kuhesabu moja, mbili kwa sauti. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ukimrudisha mgonjwa kwenye ngoma, huenda akaambiwa ana jini na akakosa levodopa. Hatari hiyo ipo, na dawa haina mbadala katika mdundo. Kwa sababu hiyohiyo haifai kumwacha mganga nje ya mpango. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua na kumtaka asajiliwe. Yeye ndiye anayemwona mgonjwa mapema, na akifundishwa dalili chache, kama mtetemo wa mkono mmoja uliotulia, hatua zilizofupika na uso usioonyesha hisia, anaweza kumwelekeza hospitali miaka kabla hajaanza kuanguka.

Utengamao haukomei miguuni. Sauti ya mwenye Parkinson hufifia, na tangu miaka ya 1980 wataalamu wa usemi wamekuwa wakiwafundisha wagonjwa kutoa sauti kubwa kwa makusudi. Kuitikia kwa nguvu pamoja na kundi ni zoezi la jamii hiyohiyo. Vidole hupoteza wepesi, na tiba kazi hushauri mgonjwa aendelee na kazi yenye maana kwake. Kwa mwanamke wa Mafia aliyesuka ukili tangu utotoni, mkeka unampa sababu ya kufanya mazoezi ambayo mpira wa kubinya hauwezi kumpa. Historia ya kisiwa, basi, inatupa watu, mazoea na mahali pa kukutana. Sayansi inatupa kipimo, tahadhari na dawa. Kuajiri mtaalamu wa utengamao Mafia ni wajibu wa serikali usioweza kukwepwa kwa kusifia mila. Mtaalamu huyo akifika, aanze kwa kuwauliza wazee walicheza nini ujanani na waliimba nini kazini, kisha aipange tiba yao juu ya majibu hayo.