Kubakiza na Kurudisha: Fungu la Majimbo katika Mapato ya Taifa la Kongo

Historia ya fedha za umma nchini Kongo yaweza kusomwa katika vitenzi viwili: kubakiza na kurudisha. Anayebakiza huchukua fungu lake pale pale mapato yanapokusanywa. Anayerudishiwa hungoja fedha zifike kwanza Kinshasa.

Ugomvi huu ni wa zamani. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, kampuni ya Union Minière iliilipa kodi serikali ya Élisabethville, si ile ya Léopoldville. Utengano ulikwisha Januari 1963, lakini swali la nani ashike mapato ya shaba halikuzikwa. Chini ya Mobutu jibu lilikuwa moja: majimbo yalipunguzwa idadi, magavana wakateuliwa na rais, na hazina ikawa ya mji mkuu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilikusudia kuligeuza jambo hilo. Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, nacho chasema wazi kwamba fungu hilo hukatwa kwenye chanzo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba miji, komini, sekta na cheferi zina haki ya asilimia 40 ya fungu la jimbo. Kwa hiyo, katika kila faranga 100, jimbo lingebaki na 24, na serikali za chini zingegawana 16, kwa kuangalia uwezo wa uzalishaji, eneo na idadi ya watu.

Utekelezaji ulifuata njia nyingine. Kinshasa iliendelea kukusanya, kisha kutuma sehemu iliyo pungufu, tena kwa kuchelewa. Neno lililoenea maofisini likawa «rétrocession», yaani kurudisha, ingawa Katiba ilikwisha chagua kubakiza. Kilichokuwa haki kikaonekana kama hisani, na mkuu wa sekta akakosa msingi wa kupanga matengenezo ya barabara au zahanati.

Hata hivyo, mrabaha wa madini unaonyesha kwamba njia ya pili yawezekana. Sheria ya madini ya 2018 inamwamuru mchimbaji alipe moja kwa moja: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mahali pa machimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Lakini sekta isiyo na mgodi haipati kitu katika mrabaha huo. Kwa ajili yake Katiba, katika kifungu cha 181, iliweka hazina ya usawazishaji yenye asilimia 10 ya mapato ya kitaifa. Kubakiza bila kusawazisha kungelitajirisha eneo la Kolwezi na kuliacha la Kabinda. Kusawazisha bila kubakiza kwarudisha kila kitu Kinshasa. Katiba iliyaandika yote mawili pamoja, na thamani yake itapimwa kwa kutekelezwa yote mawili.