Ulanzi umeonjwa, Mkwawa amesahauliwa

Nilifika Tosamaganga na kundi la watalii waliokuwa wakienda Ruaha. Wakapiga picha kanisa la misheni, wakazunguka kijijini, wakaonja ulanzi, pombe ya mianzi ambayo wao waliiita mvinyo. Kisha wakauliza: tembo wako wapi?

Jirani tu ni Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 1894. Mkwawa alipigana msituni hadi 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 kuwa ndilo lake limehifadhiwa hapo.

Gari lilipita bila kusimama. Siwalaumu wageni. Kiongozi wao, kijana wa Iringa, hakuwaambia neno. Mgeni huona anachoonyeshwa na mwenyeji.