Merikebu Iliyobadili Bendera

Wasikilizaji, leo twataka kuwasimulia habari za merikebu ya milingoti mitatu, jina lake Pass of Balmaha, iliyoundwa Scotland mwaka 1888 ili ichukue shehena. Julai 1915, katika Vita Kuu, ilikuwa na bendera ya Marekani, ikipeleka pamba Urusi. Waingereza wakaisimamisha, wakatia askari ipelekwe Kirkwall kukaguliwa. Njiani ikakamatwa na manowari ya Wadachi ipitayo chini ya maji.

Wadachi wakaitia mashine na mizinga miwili ya kufichwa, wakaiita Seeadler, yaani tai wa bahari. Nahodha Felix von Luckner akaondoka nayo Desemba 1916, ikijifanya ya Norway. Waingereza wakaikagua, wakaiacha ipite. Kwani nani aogopaye matanga? Hivyo merikebu za biashara ziliikaribia bila hofu, na zaidi ya kumi zikazamishwa.

Lakini watu walishushwa kwanza. Machi 1917 mateka karibu 300 walitiwa katika merikebu ya Kifaransa, Cambronne, iliyokatwa sehemu za juu za milingoti isifike upesi kutoa habari, wakaenda Rio de Janeiro salama. Aliyeuawa upande wa adui ni mmoja tu.

Tarehe 2 Agosti 1917 Seeadler ilipanda mwamba katika kisiwa cha Mopelia, ikavunjika.

Chombo hakichagui kazi yake. Achaguaye ni mshika usukani. Nahodha huyu twamsifu kwa huruma yake. Hata hivyo, sisi twasema “mmoja tu”; nyumbani kwa marehemu hawakusema hivyo.