Gia ya kubonyeza, ya kuzungusha au ya kidole gumba? Angalia kabla hujalipia baiskeli ya mtumba

Umepata baiskeli ya mtumba, fremu nzima, matairi bado yana meno, bei mmeelewana. Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: gia zake unabadilishaje? Kwa mtu wa Njiro si swali dogo. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye mita 4,562. Ukitoka Njiro kwenda mjini, sehemu kubwa ni kupanda. Gia ikigoma hapo unashuka na kusukuma kwa mguu, kazini watu wameshaanza.

Kile kifaa cha kwenye usukani tukiite swichi ya gia. Kazi yake ni moja tu: kuvuta au kulegeza waya. Waya unasogeza ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni kutoka kisahani kimoja cha meno kwenda kingine. Swichi zinatofautiana kwa namna zinavyopima huo waya.

Ya kidole gumba

Hii ni ya zamani na ndiyo rahisi kuliko zote: kimkono kidogo juu ya usukani, unakisukuma kwa kidole gumba. Zile za mwanzo hazina "tik tik" yoyote. Unasukuma mpaka usikie cheni imekaa, unaacha. Inataka kuzoea kidogo, siku mbili tatu hivi.

Uzuri wake ni kwamba haichagui. Visahani vitano, sita au saba, yeye anavuta waya tu. Waya ukilegea kidogo, unasukuma zaidi kidogo, safari inaendelea. Ndani hakuna vijisehemu vingi vya kuharibika. Kwa baiskeli ya kubebea maziwa au ndizi kwenye njia za vumbi, mimi ningechukua hii bila kufikiria mara mbili, hata kama inaonekana ya kizee.

Ya kubonyeza

Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilileta mfumo wa kubadili gia kwa hatua: mlio mmoja, kisahani kimoja. Miaka ya 1990 ikaenea ile ya kubonyeza chini ya usukani, kitufe kimoja kinavuta waya, kingine kinaachia. Baiskeli nyingi za milimani za mtumba zinakuja nayo, na ikiwa nzima ni tamu: mikono haitoki kwenye breki.

Ila ina masharti. Idadi ya hatua lazima ilingane na visahani vya nyuma. Swichi yenye hatua zisizolingana na visahani mara nyingi haitakaa sawa. Na usichanganye kampuni ovyo, kwa sababu swichi nyingi za SRAM huvuta waya kwa kipimo tofauti na za Shimano.

Sasa hapa ndo watu wanapoteza hela. Unabonyeza, kitufe kinaenda na kurudi, hakishiki kitu. Fundi anasema imekufa, nunua mpya. Mara nyingi haijafa. Baiskeli imekaa stoo miaka huko ilikotoka, grisi ya ndani imekauka ikawa kama gundi, vile vijino vidogo vimenasa. Fungua kifuniko au tumia tundu la waya, puliza dawa ya kulegeza kutu au tia mafuta ya taa kidogo, bonyeza mara nyingi mpaka uchafu utoke, kisha weka mafuta mepesi. Usiifungue yote, springi ikiruka utaitafuta mpaka jioni. Na usiruhusu hayo mafuta yadondokee kwenye rimu au mpira wa breki.

Ya kuzungusha

Unazungusha mkono kama eksileta ya bodaboda. Kampuni ya SRAM, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1987, ilianzia hapa. Ni nyepesi na haina vitu vingi, ila mkono wenye jasho au mvua ya masika unateleza, na kwenye mashimo unaweza kubadili gia bila kutaka. Za bei nafuu za plastiki huisha vijino vya ndani, na hapo hakuna ukarabati.

Ukikuta ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 3 kwenye baiskeli ya kijapani yenye kikapu, hiyo ni kitu kingine: gia ziko ndani ya haba ya nyuma, vumbi haliingii kirahisi. Mfumo huo ni wa zamani, Sturmey-Archer ya Uingereza ilianza kuutengeneza mwaka 1902. Badili ukiwa umeacha kukanyaga pedali.

Zile za baiskeli za mashindano, breki na gia kwenye mkono mmoja, ni nzuri sana na ghali sana. Kama si mtu wa mashindano, pita.

Waya usikosee

Waya wa gia ni mwembamba, wa breki ni mnene. Maganda yake pia hayafanani. Ganda la breki ukiliweka kwenye gia, hatua hazitakaa sawa, basi. Lakini ganda la gia ukiliweka kwenye breki, linaweza kupasuka pale unapobana kwa nguvu, mfano ukishuka kutoka Ilboru au Sekei. Mwambie fundi akuonyeshe anachoweka.

Kabla ya kutoa hela

Inua tairi la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitisha gia zote kwenda na kurudi. Hesabu milio ya swichi: visahani saba, nafasi saba. Kisha panda, ijaribu kwenye mpando, maana gia inayokubali ikiwa imeinuliwa inaweza kuruka ikibeba uzito wako. Gia ya mbele ikigoma na ya nyuma ikiwa safi, usiiache baiskeli. Omba punguzo, cheni ikae kwenye kisahani kidogo cha mbele, na utapanda nayo mpaka mjini.