Chokaa Kabla ya Masika

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, mwandishi wa safari yake aliziona nyumba ndefu zenye madirisha mengi, zimepakwa chokaa zikapendeza. Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi kuonyesha utajiri wa mji. Inaonyesha jasho pia. Ukuta ulio karibu na bahari haudumu kuwa mweupe: chumvi huula, ukungu huutia weusi, mvua huuosha. Weupe ulioshangiliwa na Wareno ulikuwa na mafundi wake.

Kalenda ya mafundi hao ilipangwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ikaleta jua na ukavu. Kisha hugeuka kusi, bahari ikachafuka na masika yakaingia. Malindi mvua hupamba moto mwezi wa Mei. Penye nyufa, paa linalovuja au lipu iliyobanduka, kaskazi ndiyo ilikuwa nafasi ya kutengeneza. Aliyechelewa alikinga maji kwa ndoo.

Nyumba yenyewe ilitoka baharini karibu yote. Mawe ya ukuta yalikuwa matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, yakachimbwa kwenye timbo. Kwa vizingiti na mihirabu yalitakiwa matumbawe laini yaliyokatwa majini, ambayo huchongeka yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, kama zile za hori ya Mida, ngumu kwa mchwa lakini fupi: chumba hakikuweza kupita kwa upana urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha zikamwagwa kokoto na chokaa na kupigwapigwa kwa vijiti hadi sakafu ikashikamana.

Chokaa nayo ilikuwa tumbawe. Magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, moto ukawashwa. Kilichobaki kiliachwa miezi kadhaa wazi, mvua ikakizima taratibu. Masika yaleyale yaliyotishia nyumba yalikuwa yakiandaa dawa yake. Wakati wa kazi ukifika, mwashi alitomea mianya kwa vijiwe na chokaa, akapiga lipu, akamaliza kwa kupaka.

Kazi hiyo ikikoma, nyumba hufa kuanzia juu. Gede, kilomita chache kutoka Watamu, inaonyesha jinsi inavyokuwa. Mji huo wenye kaburi la mwaka 1399 ulihamwa mapema katika karne ya 17. Pasipo mtu wa kuziba ufa, maji yalipenya sakafu ya juu, boriti zikaoza, dari zikaanguka, mizizi ikaingia kutani. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alikuta msitu. Kuta zilikuwapo, paa hazikuwapo. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika Urithi wa Dunia, na wahifadhi sasa wanapambana na maji na mizizi ileile.

Malindi pia ilipitiwa na hali hiyo. Katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa magofu na vichaka, hadi Seyyid Majid wa Zanzibar alipoufufua kuanzia 1861.

Wengi, hata hivyo, hawakuwa na nyumba za mawe. Walikaa katika kuta za miti na udongo chini ya makuti, nao waliishi kwa kalenda hiyohiyo. Makuti yakiwa na mteremko mkali humwaga maji upesi na kudumu. Yakilazwa sana huoza. Moshi wa jikoni uliyasaidia kwa kufukuza wadudu. Kabla ya mvua yaliyochoka yaliezuliwa na mapya kuezekwa, na kwa kuwa Kilifi, kaunti ya Malindi na Gede, ni nchi ya minazi, kushona makuti kukawa chumo la nyumba nyingi.

Karne ya 20 ilibadili vifaa. Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji iliyookwa kutokana na tumbawe lilelile la pwani. Mwaka 1968 hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa, na miamba iliyo ndani yake ikawa marufuku kukatwa. Mwaka 1982 Kenya ilikataza kusafirisha boriti nje ya nchi. Saruji ilikuwa ya haraka na ngumu, lakini ikipigwa juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, chumvi ikasukuma lipu hadi ikabanduka. Nondo zilizofunikwa kwa zege la mchanga wa ufukweni hupata kutu, zikavimba na kulipasua zege.

Kwenye rasi ya Malindi, nguzo ya Vasco da Gama inabeba mambo yote hayo. Msalaba wake wa jiwe la Lisbon ungali juu. Mnara wa matumbawe unaoubeba umekandikwa na kupakwa weupe, na chini yake mawimbi yanaula mwamba, ikabidi utiwe saruji. Watalii hupiga picha msalaba. Fundi, akifika pale kaskazi ikielekea ukingoni, huutazama kwanza msingi.