Ritifaa Mbele ya Herufi ya Kihispania
Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, kiliandika sauti ya ng' kwa ritifaa; kwa hiyo taipureta za Kiingereza zilitutosha. Hispania ilishika njia nyingine: mwaka 1993 iliilinda kisheria herufi ñ katika baobonye, yaani kibodi.

Leo mpiga chapa wa Temeke au Kinondoni, akiweka mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa ili aandike Kihispania, hubonyeza ~ kisha n, akapata ñ. Lakini hapo ritifaa nayo husubiri irabu, na ng'ombe hugeuka ngómbe. Sharti abonyeze nafasi mara baada ya ritifaa. Mfasiri asipoangalia, ataipata herufi ya wenzetu na kuipoteza alama yetu.